Moshi wa Savoneri na Majina Niliyoyaandika Langoni

Asubuhi moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, watu arobaini na watatu walipanga foleni mbele ya lango la kiwanda cha sabuni hapa Gisenyi kuomba kazi ambayo haikuwapo. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka kadhaa. Moshi walioufuata tuliuwasha sisi, watu wa filamu, kwa kuni za mikaratusi. Na majina yao niliyaandika mimi kwa mkono wangu, kuanzia namba moja hadi arobaini na tatu.

Ninyi mnaojifunza kutengeneza filamu hapa wilayani Rubavu mmeniomba niwaeleze kazi ya skripti ilikuwaje kabla ya kompyuta na simu. Nimestaafu, muda ninao. Ila mtanivumilia nikirukaruka, kwa sababu kila ninapotaka kueleza jambo moja la kazi hii najikuta nimerudi kwenye lango lile.

Skripti ni mtu anayekaa karibu na kamera na kuandika. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Mtu anafungua mlango leo, na ndani ya nyumba anaingia baada ya wiki mbili. Katikati hapo amekonda, amegombana na mkewe, shati limefuliwa na kifungo kimekatika. Mtazamaji hatakiwi kujua lolote kati ya hayo. Skripti ndiye anayesema: begi lilikuwa bega la kulia, kikombe kilikuwa nusu, mlango uliachwa wazi kidogo. Nilikuwa na daftari, penseli mbili, saa ya kupimia sekunde, na kamera ya zile picha zinazotoka papo hapo. Picha zilikuwa chache na joto liliziharibu. Kwa hiyo tuliandika.

Aliyenifundisha kuandika hakuwa skripti. Alikuwa Papa Musafiri, fundi wa sauti kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, mtu mzima aliyevaa koti hata jua likiwaka, kwa kuwa mifukoni ndimo alimoweka nyaya zake. Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, nikarudi huku, nchi ya wazazi wangu, nikijua kupiga taipu na Kiswahili cha shule. Siku ya kwanza alichukua ukurasa wangu, akausoma, akanirudishia.

"Mama Consolata, umeandika 'shati la buluu'. Gisenyi yote iko na shati ya bleu. Andika mukono."

"Mkono upi, Papa?"

"Mukono ya mutu. Inashika nini, iko wapi. Nguo utamuvalisha tena. Mukono, kama hukuandika, kesho atakudanganya na hatajua kama anakudanganya."

Tangu siku hiyo niliandika mikono. Nanyi fanyeni hivyo, hata kama mna picha elfu kwenye simu. Picha mtaitafuta, lakini ulichokiandika unakikumbuka.

Mwongozaji wetu aliitwa Gaspard. Alikulia Bujumbura, akasoma mambo ya filamu Ubelgiji, na alitaka filamu iwe nusu ya kweli, nusu ya kutunga. Hakutaka waigizaji. Alitaka vijana wa mtaa wa Mbugangari waigize maisha yao wenyewe, na maisha yao wakati ule yalikuwa kungoja. Wengine walivuka kwenda Goma asubuhi na nyanya, wakarudi jioni na vitenge. Wengine walibeba mizigo mpakani. Lakini karibu wote walikuwa na mzazi, kaka au shangazi aliyewahi kufanya kazi kiwandani, na wakiulizwa wanafanya kazi gani walijibu: "Tunangoja Savoneri." Hilo ndilo jina watu walilokiita kiwanda. Mawese yalitoka Kongo, sabuni ikatoka huku, na kwa miaka mingi mji huu ulinuka vizuri. Kisha vita ikaja, barabara zikafungwa, mitambo ikavunjwavunjwa, mawese yakakoma.

Kijana mkuu wa filamu alikuwa Faustin. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kabla ya kiwanda kufungwa alikuwa amefanya kazi kwenye boila, tanuri la kuchemshia maji ya mvuke, chini ya mwaka mmoja. Kila asubuhi, kweli kabisa, bila kamera, alipita langoni kuangalia kama kuna tangazo. Gaspard alimwambia: "Fanya unachofanya kila siku. Donc, kwa hiyo, sisi hatupo."

"Kama hamuko," Faustin akajibu, "ile chakula ya saa sita atakula nani?"

Kosa letu la kwanza lilikuwa nywele zake. Tulipiga nusu ya picha akiwa na nywele nyingi, Jumatatu akaja amenyoa kipara. Nilikaribia kulia. Nilifungua daftari nikamwonyesha: nywele, vidole viwili juu ya sikio.

"Nani amekuruhusu kunyoa?" nikamuuliza.

"Yaya," akaniita, kama huku wanavyomwita dada mkubwa, "mulisema filamu iko juu ya maisha yangu. Katika maisha yangu, nywele inanyolewa."

Papa Musafiri alicheka mpaka akaharibu sauti aliyokuwa akiirekodi. Gaspard alitafuta kinyozi, tukapiga picha ya Faustin akikaa kwenye kiti, wembe ukijifanya unamalizia kazi, na tatizo likaisha. Nawaambieni hili mjue kwamba ukifanya kazi na watu wasio waigizaji, utashindwa kuwazuia wasiishi. Wakati ule nililichukua kama kichekesho.

Sasa niwaeleze moshi ulivyokuja.

Gaspard alitaka mwisho wa filamu kiwanda kionekane kinafunguliwa. Isiwe habari, iwe kama ndoto ya Faustin: anaamka, anatazama dohani, moshi unatoka. Mwakilishi wa mwenye kiwanda, mzee mmoja mpole aliyebaki na funguo, alikubali, kwa sharti Faustin mwenyewe awashe boila kwa kuwa alikuwa anaijua. Tulipata barua ya komini, ofisi ya utawala wa mji. Tulipata na barua ya jeshi, kwa sababu miaka ile moshi usiojulikana Gisenyi ungeweza kuleta askari mbio. Barua zote mbili nilizibandika ndani ya jalada la daftari, na nilijivunia utaratibu wangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuwaambia watu wa mtaani.

Na Faustin aliifanya kazi yake vizuri mno. Alisafisha boila siku tatu. Asubuhi yenyewe, wakati ziwa bado limetulia na moshi unapanda wima, alitia mikaratusi. Moshi ukatoka mweupe. Akatoka nje, akautazama, akatikisa kichwa.

"Hii ni moshi ya mulima," akasema, akionyesha Nyiragongo, mlima wa volkano upande wa pili wa mpaka. "Batu ya hapa banajua moshi. Ya Savoneri iko tofauti."

Alirudi ndani akakwangua mashapo ya mawese yaliyokuwa yameganda chini ya pipa, akayatia motoni. Moshi ukawa mzito, wa kijivu, na harufu ikashuka. Mimi sikuwahi kuinusa kabla, lakini nilimwona mlinzi wa lango, mtu aliyekaa pale miaka yote, amesimama amefumba macho. Nikaandika: *moshi wa pili, kijivu, wima, saa kumi na mbili na dakika ishirini*.

Afisa mmoja wa jeshi, aliyekulia Uganda, alifika na askari wawili. "Nani aliwasha hii kitu?" Tukamwonyesha barua. Akaisoma, akaangalia juu tena. "Kwa hivyo itafunguliwa?" akauliza. Gaspard akamwambia ni filamu tu. Yule afisa akakunja barua polepole kuliko ilivyohitajika, akaondoka. Hapo ningepaswa kuelewa.

Saa moja na nusu walianza kuja. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili hivi, anatembea haraka, amefunga kitenge cha kijani, bahasha mkono wa kushoto. Nyuma yake vijana wawili wanakimbia. Kisha watano. Kisha wanawake waliokuwa tayari wameshika njia ya mpakani, mabeseni ya nyanya vichwani, wamegeuza.

Gaspard aliiona foleni, akamshika bega mpiga picha. Kamera ikageuka. Mimi nikafanya nilichofundishwa. Ikiwa Gaspard angetaka kuipiga tena foleni ile kesho, ilibidi nijue nani alisimama wapi. Nikaenda mwanzo wa mstari nikaanza kuandika: namba, nguo, mkono. Na kwa kuwa nisingeweza kuwaita kesho kwa nguo tu, nikauliza jina.

Hebu fikirini walichokiona. Mwanamke mgeni, miwani, daftari, penseli, mbele ya lango la kiwanda kinachofuka moshi, anawauliza majina.

Tena fikirini jambo hili. Katika nchi yetu, miaka michache baada ya watu kusakwa na kuuawa kwa orodha za majina, kuandikwa jina hakukuwa jambo la mchezo. Yule msichana wa kitenge cha kijani alinitazama mikono kwanza.

"Unaandika ya nini, yaya?"

Ningemwambia. Sentensi ilikuwa fupi. Lakini kamera ilikuwa inazunguka, Papa Musafiri alikuwa na kipaza sauti hatua tatu kutoka kwetu, na mtu wa filamu hafundishwi kusema wakati kamera inazunguka. Nikamwambia kwa sauti ndogo: "Nijue tu nani yuko wapi."

Alifikiri. "Bon. Odette. Natoka Mbugangari, chini ya mosque. Nilifunga sabuni hapa miezi mbili mbele kiwanda ifungwe, munaweza kuuliza."

Mmoja wa wale vijana wawili akamwambia: "We si ulikuwa unaenda Nyundo leo, kule juu mulimani? Walikupa ile nafasi ya jikoni ya shule."

"Walisema nifike mbele ya saa sita," akajibu bila kugeuka. "Nikichelewa wanachukua mwingine. Lakini Nyundo nitalala huko huko, na mama hawezi kusimama. Hapa ningerudi kwake kila siku." Kisha akaniambia mimi, kama anayejitetea: "Moshi iko, donc kazi iko. Si ndiyo?"

Nikaandika: *1. Odette, Mbugangari. Kitenge kijani. Bahasha, mkono wa kushoto.* Nikaenda kwa namba mbili.

Baada yake hakuna aliyeuliza ninaandika ya nini. Namba moja ameshaandikwa, basi ni salama. Walisukumana. "Andika na mi." "Huyu amenipita, yaya, amenipita." Mwanamke mmoja alinitajia jina la mwanawe aliyelala nyumbani, nikamwambia ni wale waliopo tu, na hilo likawafanya waamini zaidi.

Nilipomaliza ilikuwa saa tatu na nusu. Nilimwendea Gaspard nikamweleza: wanadhani wanaandikishwa kazi, na wa kwanza ana kazi inayomngoja Nyundo mpaka saa sita.

Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza. Akatazama lango, ambalo nusu yake ilikuwa bado kwenye kivuli. "Jua lifike langoni, Consolata. Nusu saa. Nikiwaambia sasa, nyuso hizi zinaisha. Baadaye tutawaambia wote, na gari itampeleka yule msichana."

Papa Musafiri alivua vile vya masikioni. "Gaspard, sauti ya batu benye kungojea nimepata. Inatosha. Ambia batu."

"Nusu saa, Papa."

Papa Musafiri akazima mashine yake, akakaa juu ya sanduku. Ndiyo maana kwenye filamu sehemu ile haina sauti. Watu wa matamasha walisema kimya kile ni ubunifu mkubwa.

Mimi sikuwa na mashine ya kuzima. Nilisimama na saa yangu. Nusu saa ikawa zaidi, kwa sababu wingu lilipita. Niliandika urefu wa muda niliongoja nikijua ukweli: saa moja na dakika kumi na tano. Umo katika daftari, chini ya *hali ya mwanga*.

Saa tano kasorobo Gaspard alisema basi. Tukatafuta nani atawaambia. Kabla hatujakubaliana, Faustin alikuwa ametoka chumba cha boila, mweusi kwa masizi, na foleni ikampokea kwa vigelegele.

"Faustin, sha, umerudi kazini."

Akasimama. Akatutazama sisi, akawatazama wao. "Hakuna kazi," akasema. "Ni ya filamu. Mi ndiye niliwasha."

Mzee mmoja katikati ya mstari akasema, "Yewe, Faustin. Umetupikia moshi tupu," na watu wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyejikwaa hadharani. Mwanamke wa nyanya akapandisha beseni kichwani. "Na ile majina?" mwingine akauliza. Wote wakanigeukia.

Niliwaambia. Nilieleza kazi ya skripti, kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Sijawahi kuieleza vibaya namna ile. Kijana mmoja akasema, "Donc umetuandika kama viti."

Odette hakulaumu. Aliuliza kitu kimoja. "Saa ngapi?"

"Saa tano."

Gari letu lilikuwa limekwenda mpakani kuchukua betri, na halikuwa limerudi. Papa Musafiri ndiye aliyetoka barabarani na lile koti lake akasimamisha lori la mchanga lililokuwa likipanda upande wa Nyundo. Alizungumza na dereva, akafungua mlango, akamwita Odette. Msichana alikuwa amekwisha kukunja kitenge juu ya magoti ili aweze kupanda. Nilimkimbilia.

"Nikufute kwenye orodha?"

Alitazama dohani. Moshi ulikuwa umepungua, uzi tu.

"Acha ibakie," akasema. "Hatujue."

Lori likaondoka. Likiwa zima, na bila kizuizi cha askari njiani, lingefika kabla ya saa sita. Vizuizi vilikuwapo siku zote.

Mengine ya kazi mtayasoma vitabuni. Ongezeni haya mawili. La kwanza, barua za ruhusa si za wakubwa peke yao. Vijana wangu wa mwisho niliofanya nao kazi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kabla ya kupiga picha, na kuchelewa kwa siku moja hakujaua filamu yoyote. La pili, mtu akikuuliza unaandika ya nini, jibu kwanza, kamera baadaye. Nimewahi kuharibu picha tano kwa sababu ya kanuni hiyo, na niliitwa mkaidi. Picha zilirudiwa.

Lakini sijamaliza habari ya daftari.

Boila ya Faustin ilikuwa imewaka bila kuvuja. Yule mzee mwenye funguo aliliona hilo, akamwandikia mwenye kiwanda. Miezi mingi ikapita. Mawese yakaanza kuvuka tena kidogo kidogo, na ikaamuliwa ifunguliwe sehemu moja, ndogo, ya watu ishirini. Watu walipokwenda langoni walisema wote neno moja: sisi tuliandikwa. Mzee akakubali orodha ifuatwe, akanitafuta Kigali, nilikokuwa nikiishi. Nilikuja na daftari, na kwa kuwa mwandiko wangu wa kazi hakuna mwingine aliyeweza kuusoma, nikaombwa nisome mwenyewe, namba kwa namba, mahali pale pale. Faustin alikuwa ndani, kwenye boila, ameajiriwa tayari.

Sikujua kusoma nusu ya mstari. Nilisoma kama nilivyoandika. "Namba mbili, shati jeupe, mkono wa kulia begani kwa namba tatu." Watu walicheka, na namba mbili akatoka akiwa amemshika bega namba tatu, makusudi. Nikaweka alama ya tiki. Waliojibu niliwatia tiki, waliokuwa wamehama au kufa niliwatia mstari, jirani akishathibitisha.

Lakini kabla ya namba mbili nilikuwa nimesoma namba moja. "Odette, Mbugangari. Kitenge kijani. Bahasha, mkono wa kushoto." Nilisoma mara tatu. Hakuna aliyejibu. Mwanamke mmoja akasema yuko Nyundo, anapika. Mwingine akasema hapana, siku ile alikuta nafasi imechukuliwa, akavuka Goma, na mama yake alihamishwa na ndugu. Kesho yake nilipanda Nyundo. Mpishi mkuu alikuwa mpya. Aliniambia kuna Odette aliyefanya kazi pale akaondoka, na kwamba akina Odette ni wengi.

Daftari ninalo bado. Mbele ya namba moja hakuna tiki wala mstari.